Mshika Sifuri wa Wath Ogal

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sifuri niishike.

Kupima nyumba ni kazi ya watu wawili. Mmoja hushika mwanzo wa tepu, pale penye sifuri, akaubana kwenye kona ya ukuta. Mwingine huenda na tepu hadi mwisho, akaivuta ikanyooka, akasoma. Anayesoma ndiye mpimaji. Anayeshika sifuri ni mtu yeyote mwenye vidole, na mimi vyangu nilivihesabu asubuhi ile mara mbili, vikatimia.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mpimaji Mkuu, mzee mwembamba aliyetembea kama anayeogopa kukanyaga mistari. Tulikuwa ndani ya ghala kuukuu karibu na bandari ya Kisumu. Akanionyesha kona.

"Hapo. Ukishaiweka sifuri, vuta tepu mara mbili, polepole. Nitajua uko tayari."

"Si nitasema tu, Mzee?"

"Kwenye nyumba ya vyumba kumi utasema na nani? Vuta mara mbili. Na nikimaliza kusoma usiiachie tepu irudi kama nyoka, itanikata mkono. Ifuate. Itembeze mpaka iingie kwenye kasha lake."

Jioni, nikiwa na chokaa hadi kwenye masikio, aliniambia neno nililolibeba tangu siku hiyo. "Ukuta haudanganyi, kijana. Hesabu ikikataa, mwongo ni mmoja wa wale wawili walioshika tepu."

Kuhesabu mara mbili sikukujifunza kwake. Nilikuja nako kutoka nyumbani. Nimezaliwa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, na mama yangu aliuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili ambao nusu ya nchi hii imelishwa nao. Alijaza, akapitisha kiganja juu ukawa sawasawa, kisha akangoja. Mteja naye alingoja. Wote wawili walijua kwamba bado kuna nyongeza, konzi moja ya juu, na kwamba anayesema kwanza amepoteza. Mama alinifundisha sheria mbili za soko. Hesabu mara mbili. Na ukipewa nyongeza, usiulize imetoka wapi wala usiirudishe.

Kwa sheria hizo mbili nilifanya kazi miaka thelathini na mitatu katika ofisi ya serikali, jambo ambalo si rahisi.

Kazi yetu ilikuwa kupima majengo ya zamani kabla hayajabomolewa, hayajaanguka, au hayajapakwa rangi ya kampuni ya simu. Unapima nje, unapima ndani, unajumlisha vyumba na unene wa kuta, halafu unalinganisha. Jumla mbili zikikubaliana, unachora. Zisipokubaliana, unarudi. Timazi, yaani uzi wenye risasi nzito mwishoni, hukwambia kama ukuta umesimama wima. Pima maji hukwambia kama sakafu imelala. Mwenye nyumba hukwambia mengine yote, na mengi si kweli.

Niliwekwa Siaya, nikawekwa Homa Bay, nikarudishwa Kisumu chini ya bosi wa pili, Msanifu wa Mkoa. Huyu alipenda tai na alipenda michoro iliyopendeza. Ndiye aliyenituma Wath Ogal.

Wath Ogal ni kituo kidogo ufukweni, ukipita Kisian na kukata kushoto kuelekea ziwani. Kina maduka tisa, kanisa, kinu cha kusaga na mahali pa kuanikia omena. Katikati ya hayo yote imesimama nyumba ambayo ukiiona mara ya kwanza utasimama, maana haina haki ya kuwa pale.

Ilijengwa na Mzungu mmoja wa reli, zamani, wakati reli ilipokuwa ngeni. Inasemekana aliikumbuka nyumba ya mama yake kijijini kwao, Uingereza ya Malkia Victoria, akaijenga tena kwa kumbukumbu, tofali kwa tofali, mbele ya ziwa lililopewa jina la malkia huyo huyo. Paa lake limechongoka kama linangoja theluji. Kingo za paa zimepambwa kwa mbao zilizokatwa matundu kama kitambaa cha kufumwa. Madirisha hayasukumwi, hupandishwa juu kwa kamba zilizofichwa ndani ya fremu. Na ndani, Mungu anisamehe, kuna mahali pa kuotea moto pamoja na dohani la matofali, katika mahali ambapo hata kuku hutafuta kivuli saa tatu asubuhi.

Mzungu alipoondoka, mwenye duka Mhindi aliinunua na kuifungua kifua. Alitoboa ukuta wa mbele, akatoa dirisha kubwa la sebule, akaweka milango minne ya mbao inayojikunja. Ili ukuta wa juu usimwangukie alilaza kipande cha reli ya garimoshi juu ya uwazi ule kama linta. Bado kipo. Sebule ikawa duka na mahali pa moto pakawa rafu ya sabuni. Baada yake akaja Mzee Okeyo, mchuuzi wa samaki, akaongeza vyumba viwili vya matofali ya simenti kwa nyuma, mabati juu yake, na waya wa wavu mbele ya kaunta. Ukijua kusoma kuta unaona wote watatu, mmoja juu ya mwingine: chokaa ya kwanza nyeupe, ya pili ya manjano, ya tatu ya kijivu. Hakuna aliyemfukuza mwenzake kabisa.

Nilipofika mara ya kwanza Mzee Okeyo alikuwa amezikwa miaka miwili. Mjane wake, Mama Awino, alikuwa dukani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na upepo.

"Wewe ndiye Bwana Tepu? Pima. Lakini ukiegemea rafu umenunua."

Nilipima siku mbili na mshika sifuri wangu wa wakati huo. Vipimo arobaini na viwili. Vyote nilivirudia, vyote vikakubali. Mwisho nilipanda ngazi hadi kwenye ncha ya paa la mbele. Nyumba za mtindo ule huwa na kilele, kijiti cha mbao kilichochongwa kama mkuki, kinachosimama pale ambapo pande mbili za paa hukutana. Nilikuta tundu tupu.

"Kilianguka?" nilimuuliza Mama Awino.

"Kilishushwa. Siku tulipomzika Okeyo."

Hakuhitaji kuniambia zaidi. Mimi ni Mjaluo. Nyumba ya mwenye boma huwa na osuri, ule mti uliochomoza katikati ya paa la nyasi. Osuri ikisimama, mwenye nyumba yu hai, na apitaye njiani anajua bila kuuliza. Akifa, hushushwa. Mzungu wa watu alikuwa ameweka pambo la kwao tu, lakini Wath Ogal ililisoma kama inavyosoma nyumba zote. Okeyo alipokufa, ndugu yake alipanda akaling'oa, na kila mtu akajua kwamba ndani ya nyumba ile sasa kuna mjane.

Niliandika kwenye daftari: *Kilele, hakuna.* Nikapigia mstari mara mbili.

Msanifu wa Mkoa aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Kilele kiko wapi?"

"Hakuna, Bwana. Kuna tundu."

"Odhiambo, nyumba ya aina hii bila kilele ni kama mwalimu mkuu bila suruali. Kiweke."

"Kina urefu gani?"

"Wewe ndiye mpimaji."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumweleza habari ya osuri, naye ni mtu wa hapa hapa, angeelewa, ila tai yake isingeelewa. Lakini ilikuwa Ijumaa, na barua yangu ya kupandishwa cheo ilikuwa mezani kwake ikingoja sahihi. Nilitazama upana wa tundu, nikakisia, nikachora kilele kizuri cha futi mbili na inchi tisa. Hata kivuli nilikiwekea. Kati ya michoro mia mbili na kumi na minne ya maisha yangu, hiyo ndiyo tarakimu pekee ambayo sikuipima.

Mchoro uliingia kabatini ukalala humo miaka kumi na minane.

Mwaka wangu wa mwisho kazini bosi wangu alikuwa Afisa wa Majengo ya Kale, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, makini, asiyependa mzaha kabla ya chai. Barabara ya ufukweni ilikuwa ikipanuliwa, na kila jengo lililosimama kwenye mstari wake lingebomolewa, isipokuwa yale yaliyo kwenye rejista yetu. Nyumba ya Wath Ogal ilikuwa kwenye mstari. Afisa aliufukua mchoro wangu, akaombea fedha za ukarabati, akazipata. Mkandarasi alileta mafundi kutoka mbali, watu wasiojua omena na dagaa kama ni kitu kimoja. Walifuata mchoro kama unavyofuatwa msahafu. Kilele kilichongwa Kibuye na seremala asiyejua kinakwenda wapi. Kilisimamishwa wakati Mama Awino amelazwa Kisumu kwa ajili ya mguu wake, siku kumi na moja.

Wiki moja baada ya kurudi alinipigia simu. Hakunisalimu.

"Bwana Tepu. Nani amemrudisha mume wangu?"

Nilikwenda kesho yake. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya barabara, mbele ya kinu cha kusaga, mkongojo mapajani, akilitazama duka lake kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua. Milango minne ilikuwa wazi. Juu ya paa, dhidi ya anga jeupe la saa sita mchana, kilele changu kilisimama wima kabisa. Lazima niseme kilipendeza.

"Kwa nini hauko ndani?"

"Nikae ndani kama nani?" alisema. "Mimi ni mke au mjane? Kama yupo, nimpikie. Kama hayupo, nilale. Usiku wa kwanza nilikaa jikoni na sufuria, sijui niipakue au niifunike. Tangu siku hiyo nalala kwa Nyar Alego."

Nyar Alego ndiye mwenye kinu. Alitoka mlangoni akiwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope.

"Mwambie ya omena," Mama Awino alimwambia.

"Nilienda kununua omena," alisema Nyar Alego. "Mama hajarudi kutoka hospitali, lakini milango iko wazi, nikadhani binti yake yuko. Nikasema, gorogoro moja. Mkono ukatoka chini ya wavu, ukanipimia. Mkono wa mzee. Nikachukua, nikaenda."

"Hukushtuka?"

"Nilishtukia hapa, kwenye kinu. Gorogoro ilikuwa na mlima juu." Akaonyesha kwa kiganja. "Huyu mwenzangu tangu nimjue anapitisha mkono. Nyongeza kwake utaipata mbinguni. Aliyekuwa akipima na mlima ni Okeyo peke yake."

"Ndiyo maana alikufa maskini," alisema Mama Awino, lakini hakucheka.

Baada ya hapo watu watatu wengine walipimiwa. Halafu hakuna aliyekwenda tena. Kituo kizima kilinunua chumvi Kisian. Nani anataka kula chakula alichopimiwa na marehemu? Na nyumba isiyolaliwa ina maneno yake. Shemeji zake walikuwa wameanza kupita pale wakiuliza, kwa upole mwingi, kama ameihama.

"Si ukishushe tu?"

"Nimeletewa barua. Jengo linalindwa. Nikigusa hata msumari, nashtakiwa, nyumba inatolewa kwenye rejista, tingatinga linakuja. Barua inasema kilele ni sehemu ya asili kwa mujibu wa mchoro." Alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mchoro wa nani, Bwana Tepu?"

Niliangalia ndani ya duka ng'ambo ya barabara. Nyuma ya wavu palikuwa na giza la kawaida la dukani, na mizani ya zamani ya Mhindi ikining'inia kwenye ndoano. Hapakuwa na upepo. Sahani moja ya mizani ilishuka taratibu, kama inavyoshuka mtu anapoweka kitu, ikakaa chini. Nilihesabu hadi ishirini. Nikahesabu tena. Ikapanda.

Jumatatu asubuhi niliingia kwa Afisa kabla ya chai, kosa la kwanza, nikaeleza, kosa la pili.

"Mzee Odhiambo, unaniambia mchoro wenye muhuri wa ofisi hii ni wa uongo?"

"Kilele tu, Madam. Mengine nilipima mara mbili."

"Na kilele?"

"Hata mara moja."

Alivua miwani. "Unastaafu lini?"

"Ijumaa."

"Hungeweza kungoja mpaka Jumatatu uniambie ukiwa nje?"

"Jumatatu mnaweka kibao cha shaba ukutani. Baada ya hapo hakishuki."

Aliivaa tena, kisha akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimelijua usiku kucha. Kipimo kimoja kikiwa cha uongo, hana sababu ya kuamini vile vingine. Michoro yangu yote, mia mbili na kumi na minne, ingepigwa muhuri mwekundu: *Ihakikiwe upya.* Na nyumba ya Wath Ogal ingebaki kwenye rejista kwa sharti moja. Niipime tena yote kabla ya Ijumaa. Kipimo kimoja kikipishana na mchoro kwa zaidi ya inchi, inatoka.

"Nipatie mshika sifuri, Madam."

"Nimewauliza. Hakuna anayetaka kwenda. Sijui wamesikia nini." Alifungua droo. "Chukua mashine."

Mashine yenyewe ni kijisanduku kinachotoa mwale mwekundu na kukusomea umbali bila mtu wa pili. Ni kitu cha ajabu, na kinauzwa bei ya ng'ombe mwenye mimba. Jumatano saa nne asubuhi niliingia nacho dukani. Mama Awino na Nyar Alego waliketi ng'ambo ya barabara wakinitazama kama watu waliokuja kuaga.

Niliiweka kwenye ukuta wa mahali pa moto nikaelekeza mwale mlangoni. Mita sita na nusu. Nikarudia, kama kawaida yangu. Sita nukta arobaini na nane. Nikarudia. Sita nukta sitini na moja. Mwale ulikuwa ukigonga kitu kati yangu na mlango, au ukipita pembeni ya kitu. Niliangalia. Sakafu ilikuwa tupu. Vumbi lilielea ndani ya mwanga wa mlangoni, isipokuwa mahali pamoja, penye upana wa mabega.

Nilizima mashine, nikaiweka mfukoni, nikatoa tepu yangu ya zamani, ya chuma, ya futi. Nyumba ile ilijengwa kwa futi, na ukiipima kwa mita inanung'unika. Mwanzoni mwa tepu kuna kulabu ndogo. Mtu aliye peke yake huiangika kwenye ukingo wowote na kuomba Mungu. Niliipachika kwenye fremu ya mlango bila kuangalia sana, maana nilitaka kumaliza, nikatembea kinyumenyume hadi mahali pa moto, nikakaza.

Tepu ikavutwa mara mbili. Polepole.

Nimeulizwa na vijana wa ofisi nilifanya nini. Nilisoma. Futi ishirini na moja, inchi nne. Ndivyo ilivyokuwa miaka kumi na minane iliyopita. Niliandika kwa mkono ambao hadi leo siuelewi mwandiko wake. Kisha nikalegeza, na tepu haikurudi kama nyoka. Ilifuatwa. Ilikuja taratibu, ikiwa bado imeinuliwa kiunoni, hatua kwa hatua, mpaka kulabu ikafika mbele ya mkono wangu, ikasimama kidogo hewani, ikaingia kwenye kasha.

Nilikwenda kuitazama fremu ya mlango. Mafundi wa ukarabati walikuwa wameipiga plasta ikawa laini kama yai. Hapakuwa na ukingo. Hapakuwa na mahali ambapo kulabu ingeshika.

Mtu mwenye busara angetoka. Lakini nilikuwa nimebakiwa na vipimo arobaini na kimoja, na ng'ambo ya barabara alikuwa amekaa mwanamke mwenye mkongojo ambaye nyumba yake ilitegemea inchi moja. Nikajiambia kwamba kwenye soko la Kibuye nimefanya biashara na watu wabaya zaidi. Nikaenda chumba cha pili. Nikaiweka sifuri sakafuni, kwenye kona, nikaondoka bila kugeuka. Mara mbili, polepole. Nikasoma.

Tulimaliza nyumba nzima kabla ya saa nane. Nasema tulimaliza kwa sababu sijui kusema vingine. Alishika sifuri vizuri kuliko wengi waliolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Ule mvuto wa mara mbili alijifunza wapi, nimewaza sana. Wavuvi huvuta hivyo kamba ya wavu kumwambia aliye upande wa pili kwamba yuko tayari. Okeyo alivua kabla ya kuchuuza. Vipimo arobaini na viwili vikakubali vyote. Maneno ya Mpimaji Mkuu yalinirudia nikiwa nafunga daftari. Kati ya wawili tulioshika tepu katika nyumba ile, mwongo nilikuwa mimi.

Alhamisi Afisa alisaini karatasi ya kushusha kilele. Kilichobaki ni mkono wa kukishusha. Mama Awino alimwita Jaduong' Were, yaani Mzee Were, ndugu wa marehemu, yule yule aliyeng'oa cha kwanza. Alikuja na fimbo na kofia, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akatazama juu.

"Mimi nilimshusha ndugu yangu mara moja," alisema. "Mtu hazikwi mara mbili na mkono ule ule. Aliyemwinua ndiye atamshusha."

"Mafundi wamerudi kwao, Jaduong'."

"Mafundi waliinua mti. Nauliza aliyemwinua mtu."

Wote wakanitazama. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa, na goti moja lisilopokea amri. Nilijaribu kupatana, kama nilivyolelewa.

"Nikitoa mtu wa kupanda, nikamlipa mwenyewe?"

"Panda, nyathina, mtoto wangu," alisema Jaduong' Were. "Ngazi haina bei."

Ngazi ilikuwa na vipago kumi na tisa. Juu kabisa, ziwa lote lilikuwa chini yangu, magugu maji yametanda kijani hadi mbali, na hakuna mtumbwi hata mmoja uliosogea. Kituo kizima kilikuwa kimesimama barabarani kimya. Nilifungua bolti nne. Nikashika kilele kwa mikono miwili, nikavuta. Hakikutoka. Nikatikisa. Kilikuwa kama kimeota.

Nilikuwa na haya kuongea na mti mbele ya watu, kwa hiyo niliongea chini chini. "Mzee Okeyo. Mimi ndiye niliyekosea hesabu. Hukuitwa na mtu, ulichorwa tu. Samahani kwa usumbufu."

Kikatoka. Mbao ngumu ya urefu ule ina uzito wa mtoto wa miaka minne, na nilikuwa nimejiandaa kuubeba. Sikuubeba. Kilishuka nami ngazi nzima kana kwamba mtu wa chini yangu anaupokea mzigo, kipago kwa kipago, mpaka mguu wangu ulipogusa ardhi. Hapo tu ndipo uzito wote uliponiangukia mikononi, nikakaribia kuanguka.

Jaduong' Were alikivunja kwa goti vipande viwili, viwe kuni za mama ntilie, akasema jina la ndugu yake mara moja. Mama Awino alivuka barabara, akapita kati ya watu, akaingia dukani kwake. Tulisikia akivuta sufuria.

Ijumaa nilistaafu. Hotuba iliyokuwa imeandaliwa haikusomwa. Nilipewa chai, saa ya ukutani, na ruhusa ya kupita kabatini kutazama michoro yangu, kila mmoja na muhuri wake mwekundu. Nilihesabu mihuri. Mia mbili na kumi na minne. Sikulalamika. Vijana wanaipima upya sasa, mmoja baada ya mwingine, na kila mara wanaponipigia simu kusema kwamba hesabu imekubali nafurahi kidogo na kuona aibu kidogo, kwa kipimo sawa. Ikiwa kuna kijana wa kazi hii anayenisoma, sina hekima kubwa ya kumwachia. Ukikuta tundu, chora tundu. Hujui ni nani anayesubiri kualikwa.

Barabara imepanuliwa. Ilipofika Wath Ogal ilijikunja kidogo, ikaizunguka nyumba, ikaendelea. Mwezi uliopita nilikwenda kuiona. Duka lilikuwa na foleni. Nyar Alego alinipungia mkono wa unga. Mama Awino alikuwa nyuma ya wavu wake.

"Bwana Tepu. Ukiegemea rafu umenunua."

"Nipimie omena. Gorogoro moja, na unikumbuke kwa nyongeza. Nimepanda ngazi kwa ajili yako."

"Ulipanda kwa ajili ya kosa lako."

Alijaza gorogoro mbele ya macho yangu. Akapitisha kiganja juu, ukawa sawasawa kama meza. Nikangoja. Akangoja. Akamimina kwenye mfuko, akaufunga fundo. Nilitabasamu njia yote hadi Kisian, kwa maana kipimo kile kiliniambia kwamba nyumba ni ya mjane tena, na mjane yuko ndani.

Nyumbani nilipima mara ya pili. Nina gorogoro ya mama yangu, ile ile ya Kibuye, na tabia haistaafu. Niliijaza kutoka kwenye mfuko, nikapitisha kiganja. Ndani ya mfuko ikabaki konzi moja nzima.

Mama Awino sijamwambia. Niliiosha, nikaikaanga na nyanya, nikaila yote.